Keekee, Nyuzi na Vumbi: Habari za Kutoboa Vitu Mseto katika Nchi ya Almasi na Dhahabu

Mafundi wa pwani walikuwa na jina kwa kila kiungo cha keekee. Chuma kinachokula mti ndicho keekee yenyewe. Mti ambamo chuma hicho hukazwa huitwa msukano. Kishikio cha juu ambacho msukano huzunguka ndani yake huitwa jivu. Na upinde unaoupa msukano mwendo huitwa uta. Kwa zana hiyo mbao za majahazi zilitobolewa ili misumari ipite bila ya kuzipasua. Fundi aliyeitumia alijua mambo matatu: kwamba chuma lazima kiwe kikali; kwamba mkono usisukume kuliko chuma kinavyoweza kula; na kwamba ubao uegemezwe nyuma kwa ubao mwingine, ili tundu lisitoke upande wa pili na mabanzi.

Mambo hayo matatu hayakubadilika mpaka leo. Kilichobadilika ni kitu kinachotobolewa. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako ardhi ina almasi na dhahabu, kazi ya kutoboa ni chanzo cha riziki ya watu wengi, na vitu vitobolewavyo ni vya namna mbili. Kwanza ni mwamba wenyewe. Pili ni vitu vilivyoundwa kwa nyuzi na gundi, ambavyo huletwa migodini na ziwani kwa umbo la mabomba, matangi, ngazi, majukwaa na boti. Kwa mtazamo wa kwanza namna hizi mbili hazina undugu. Makala hii inakusudia kueleza kwamba undugu upo: katika jinsi vinavyokatika, katika zana inayovifaa, na katika madhara yanayompata mtu avitoboaye bila ya kuvijua.

KITU MSETO NI NINI

Mfano wake wa kale umo katika nyumba za Usukuma na za nchi nyingi nyingine. Udongo peke yake, ukikauka, huchanika. Nyasi peke yake haziwezi kusimama ukuta. Lakini udongo uliokandwa pamoja na nyasi hukauka ukawa kitu kimoja chenye sifa ambayo udongo haukuwa nayo, wala nyasi hazikuwa nayo. Ufa ukianza hukutana na unyasi, na unyasi huuzuia usiendelee. Nao udongo huzishika nyasi mahali pake na kuchukua uzito wa paa. Kitu cha namna hii, chenye nyuzi za kuvuta na kifungaji cha kushikilia, ndicho kiitwacho hapa kitu mseto. Mti nao ni kitu mseto cha maumbile, na kwa sababu hiyo seremala yu karibu na maarifa haya kuliko mhunzi.

Vitu mseto vya viwandani hufuata kanuni iyo hiyo. Mahali pa nyasi pana nyuzi za kioo, za kaboni, au za aramidi. Mahali pa udongo pana rezini, yaani gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu na haiyeyuki tena. Uzi mmoja wa kioo kwa kawaida una unene wa maikromita 10 hadi 20, na wa kaboni maikromita 5 hadi 7. Maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu hukaribia maikromita 70. Kitu kilichotengenezwa kwa nyuzi za kioo ndicho ambacho watu wa mtaani hukiita faiba.

Faida yake ni nyingi. Haliwi na kutu, na kwa sababu hiyo hufaa sana kwa mabomba na majukwaa ya mitambo ya kuchenjulia madini, ambako maji yana dawa kali. Ni chepesi, na kwa sababu hiyo boti za faiba zimeingia katika Ziwa Victoria pamoja na mitumbwi ya mbao. Katika ndege wepesi huo una thamani kubwa zaidi. Ndege ya aina ya Boeing 787, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ya kwanza mwezi wa Julai 2018, karibu nusu ya uzito wake ni vitu mseto, hasa vya nyuzi za kaboni.

Lakini nguvu ya kitu mseto ina upande. Kufuata urefu wa nyuzi ni kigumu kukivuta kikakatika. Kuvuka nyuzi, nguvu inayobaki ni ya gundi tu. Kwa hiyo watengenezaji hulaza tabaka juu ya tabaka, moja nyuzi zake zikielekea mbele, la pili zikielekea upande, la tatu zikikaa mshazari. Hivyo kitu kizima hupata nguvu pande zote za upana wake. Pamebaki udhaifu mmoja ambao hauondoki: baina ya tabaka na tabaka hapana uzi unaopita. Hapo pana gundi tupu. Msomaji akilishika neno hili, mengine yote kuhusu kutoboa yatamfuata kwa urahisi.

JINSI KEEKEE INAVYOFANYA KAZI NDANI YA NYUZI

Fundi wa chuma huzoea kuona chuma kikitoka katika tundu kwa mapindo marefu yaliyojikunja. Chuma ni kitu cha hali moja. Ukali ukikisukuma hulegea, huteleza na kukunjika. Kitu cha nyuzi hakifanyi hivyo. Uzi wa kioo au wa kaboni haukunjiki, huvunjika. Basi kinachotoka tundumwe si mapindo bali ni unga.

Tena ukali wa keekee, katika kuzunguka mara moja tu, hukutana na nyuzi za tabaka moja kwa kila upande. Mahali fulani hupita sambamba nazo, na kuzibandua kama mtu achunaye ganda la mti. Mahali pengine huzikata kwa kuvuka. Mahali pengine tena huziendea kinyume cha mlalo wake. Hapo nyuzi hupinda kwanza, kisha hukatika chini zaidi ya pale ukali ulipopita, zikaacha vishimo. Ndiyo maana tundu katika kitu cha nyuzi laweza kuonekana la mviringo kamili kwa macho, na huku kuta zake ni laini mahali fulani na zimeparurika mahali pengine.

Dosari iliyo kubwa zaidi ni kubanduka kwa matabaka. Hutokea mahali pawili. Keekee inapoingia, mfuo wake huweza kulinyanyua tabaka la juu kabla ya kulikata. Inapokaribia kutoka, matabaka yaliyobaki chini yake ni machache na membamba. Keekee huyasukuma, nayo, badala ya kukatwa, hubanduka kutoka katika wenzao na kuinama kama kifuniko. Kilichoshindwa hapo ni ile gundi tupu iliyo kati ya matabaka. Ubaya wake ni kwamba mpasuko huo huenea pembeni mwa tundu mahali ambapo jicho halifiki, na mzigo utakapokuja baadaye ndipo utakapojulikana.

Sababu ya kusukumwa huko ni umbo la ncha ya keekee ya kawaida. Katikati kabisa ya ncha pana ukingo mfupi ambao haukati, bali hukandamiza. Na sehemu kubwa ya msukumo wote wa kutoboa hutoka hapo. Kwa sababu hiyo mafundi huanza kwa tundu dogo, kisha hulipanua, ili ukingo ule usipate kitu cha kukandamiza. Wengine hutumia keekee yenye ncha nyembamba katikati na meno mawili makali pembeni, ambayo huzikata nyuzi kwa duara kwanza kabla ya kuondoa kilichomo ndani. Ni umbo ambalo maseremala wamelitumia kwa mbao tangu zamani. Wengine tena hutumia bomba fupi lenye chembe za almasi mdomoni, ambalo husaga duara tu na kuacha kisahani katikati.

Mwendo nao una kanuni yake. Keekee izunguke kwa kasi, lakini ishuke polepole. Kadiri inavyoshuka kwa haraka katika kila mzunguko, ndivyo msukumo unavyozidi na matabaka yanavyobanduka. Lakini polepole nayo ina mpaka, kwa kuwa keekee inayozunguka sana bila ya kula husugua na kuleta moto. Rezini nyingi zitumikazo katika kazi za nguvu huanza kulegea baina ya nyuzijoto 120 na 180 za Selsiasi. Ikilegea, huwa haizishiki nyuzi tena, na ukuta wa tundu huwa umeharibika kabla ya kupokea kazi. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya fundi wa majahazi: ubao uliobanwa sawasawa nyuma ya kitu kinachotobolewa. Hauna gharama, na huyazuia matabaka ya mwisho yasiiname.

Jambo moja zaidi halina budi kutajwa kwa faida ya wale watengenezao boti na matangi. Tundu lililokwisha kutobolewa limezikata nyuzi na kuziacha vichwa wazi. Maji hupenya kwa njia hiyo, huingia kati ya uzi na gundi, na kwa miaka huitenganisha miwili hiyo. Kwa hiyo kuta za tundu hupakwa rezini kabla ya kutiwa parafujo.

KWA NINI ALMASI

Kioo ni kigumu, na nyuzi za kioo au za kaboni huinoa keekee vibaya. Huila, kama vile jani la msasa linavyoula mti unaosuguliwa nalo. Keekee ya feleji ya kawaida huanza vizuri, kisha hupoteza ukali baada ya matundu machache. Keekee butu hailii wala haipigi kelele ya kumwonya fundi. Huendelea kushuka kwa kuwa mkono unasukuma zaidi. Basi msukumo huzidi, matabaka hubanduka, moto huongezeka, na ukali huzidi kupotea. Ni duara la uharibifu. Ndiyo sababu viwanda hutumia kabidi ya tangsteni, na kazi ikiwa kubwa hutumia almasi.

Hapa ndipo Shinyanga inapoingia katika habari hii. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua huko Mwadui mwamba wa almasi ambao mdomo wake una eneo la hekta 146, nao ni miongoni mwa iliyo mikubwa duniani ambayo imepata kuchimbwa. Mwaka 1947 lilipatikana humo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, ambalo alipewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Baada ya kukatwa lilibaki karati 23.6. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huo huo serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers ziliununua mgodi kwa sehemu sawa.

Jiwe lile la waridi lilitangaza jina la Mwadui kote duniani, lakini almasi nyingi zichimbwazo duniani hazifai kwa vito. Zina mawaa, au ni ndogo mno, na kazi yake ni kukata na kusaga. Tangu mwaka 1955, ilipotangazwa nchini Marekani kwamba almasi imeundwa kwa mtambo kwa nguvu ya moto na mkandamizo, almasi za kuundwa zilianza kushika nafasi hiyo, na leo karibu almasi zote zitumikazo viwandani ni za kuundwa. Pamoja na hayo tabia yake ni ile ile, awe ameizaa ardhi au mtambo.

Ajabu moja inafaa kuelezwa. Almasi, iliyo ngumu kuliko madini yote, haifai kukatia chuma cha kawaida. Almasi ni kaboni tupu, na chuma kikipata moto huinyonya kaboni. Basi ukali wa almasi huyeyuka ndani ya kile unachokikata. Lakini kioo, nyuzi za kaboni, rezini na mwamba havina kiu hiyo. Kwa hiyo zana iliyo bora kwa bawa la ndege na zana iliyo bora kwa mwamba wa Geita ni moja, na fundi wa chuma hapati faida kubwa kwayo.

MWAMBA WA MATABAKA

Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulichimbwa huko tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ulifunguliwa mgodi mpya wa mashimo ya wazi, na mwaka 2016 uchimbaji wa chini ya ardhi ulianza katika sehemu iitwayo Star and Comet. Upande wa Kahama, mgodi wa Bulyanhulu, ambao ni wa chini ya ardhi, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001.

Sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imo ndani na kandokando ya mwamba wa kale sana ulioumbwa kwa matabaka: tabaka la madini ya chuma, kisha tabaka la gumegume, kisha chuma tena, mengine membamba kama ukucha, mengine mapana kama kiganja. Kuuona mwamba huo uliokatwa ni kama kuona ubavu wa kitu mseto kilichokuzwa. Matabaka yake hayana ugumu mmoja, na mipaka ya matabaka ndiyo njia ya mipasuko.

Kabla ya kuchimba, wajiolojia hutaka kujua kilichomo chini. Hutumia bomba refu lenye biti ya almasi mdomoni, ambayo husaga duara na kuacha katikati mche wa mwamba. Bomba la kipimo kimoja cha kawaida hutoboa tundu la milimita 96 na kutoa mche wa milimita 63.5. Mche huo hupangwa sandukuni, hupasuliwa kwa msumeno wa almasi, na hupimwa dhahabu yake. Mtindo huu wa kutumia almasi kwa mwamba ulianza miaka ya 1860 kwa kazi ya mhandisi Leschot.

Biti hiyo yenyewe ni kitu mseto: chembe za almasi zimetawanywa ndani ya chuma kilaini zaidi. Chuma kinapolika, almasi zilizochoka huanguka na mpya hujitokeza. Hapo pana kanuni inayowapotosha wanafunzi. Mwamba ukiwa mgumu na wa chembe ndogo, kama gumegume, biti inayotakikana ni ile yenye chuma laini. Na mwamba ukiwa laini lakini wenye mchanga, yatakikana biti ya chuma kigumu. Sababu ni kwamba gumegume hutoa unga mchache usioweza kukila chuma. Kama chuma ni kigumu, almasi za zamani hubaki mahali pake zikawa laini, biti ikang'aa kama chupa, na isile tena. Mwamba wa mchanga hufanya kinyume chake: hukila chuma upesi, na kama ni laini almasi hudondoka zikiwa bado na kazi.

Na kama keekee ya mkono inavyoyumbishwa na nyuzi, biti ya mgodi nayo huyumbishwa na matabaka. Inapoyakuta kwa mshazari mkubwa, hupenda kugeuka ili kuyakabili wima; inapoyakuta kwa pembe nyembamba mno, huteleza na kuyafuata. Tundu lililoelekezwa sawasawa juu ya ardhi likipotoka kwa digrii 3 tu, kwa kina cha mita 300 litakuwa limehama karibu mita 16. Asiyepima mwelekeo wa tundu ndani ya ardhi ataandika katika ramani yake dhahabu mahali ambapo haipo, na wachimbaji watalifuata kosa hilo kwa gharama kubwa.

Migodini vitu viwili hivi, mwamba na nyuzi, hukutana mara nyingine katika tundu moja. Ili dari isianguke, mwamba hutobolewa na kutiwa fimbo iliyokazwa kwa rezini. Aghalabu fimbo hiyo ni ya feleji. Lakini mahali patakapochimbwa baadaye, migodi mingine duniani hutia fimbo za nyuzi za kioo. Fimbo hiyo ikivutwa kwa urefu hushika kwa nguvu isiyopungua ya feleji. Ikikatwa kwa kuvuka hukatika kwa urahisi, nayo haitavunja meno ya mashine. Udhaifu wa upande mmoja umegeuzwa kuwa faida.

KINACHOTOLEWA TUNDUNI

Mpaka hapa maelezo yamekuwa juu ya tundu. Yamebaki ya kile kilichokuwa mahali pa tundu, nacho ndicho chenye hatari kwa mtu.

Tundu la milimita 40, kama yale yanayotobolewa kwa ajili ya baruti, hutoa katika kila mita moja lita moja na robo ya mwamba uliosagwa, yaani zaidi ya kilo 3. Mashine itumikayo huko si ya almasi bali ni ya nyundo isukumwayo kwa upepo, nayo huuvunja mwamba kwa kuupiga. Kama maji yamepitishwa ndani ya chuma cha kutobolea, kilo hizo hutoka zikiwa tope. Kama hayakupitishwa, hutoka zikiwa vumbi mbele ya uso wa mtu aliyeishika mashine.

Mwamba wa dhahabu una gumegume na mawe meupe ya kwatzi, na vyote viwili ni silika. Chembe kubwa za silika hunaswa puani na kutemwa. Chembe zilizo chini ya maikromita chache hufika mwisho wa mapafu. Mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa, bali huzizungushia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosi, nao hauna dawa ya kuuponya. Pafu lenye silika, tena, hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko pafu zima.

Ulimwengu umelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka mia. Mashine za kwanza za upepo zilizotoboa bila ya maji zilipewa na wachimbaji wa Marekani jina la mtengeneza wajane. Mwaka 1897 George Leyner wa Denver alitengeneza mashine yenye chuma cha kutobolea kilicho wazi katikati, na njia hiyo ikaja kupitisha maji mpaka mwisho wa tundu. Afrika ya Kusini iliunda tume ya kuchunguza vifo vya wachimbaji mwaka 1902, na mwaka 1930 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Johannesburg kwa ajili ya silikosi peke yake.

Hata hivyo maarifa hayakuyafikia machimbo yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania ulipima hewa waliyoivuta watu waliokuwa wakitoboa chini ya ardhi, ukakuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo. Kiwango ambacho taasisi ya Marekani ya usalama wa kazi inashauri kisipitwe ni miligramu 0.05. Hewa ile, basi, ilikuwa na silika zaidi ya mara 330 ya kiwango hicho. Kwa wale waliofanya kazi juu ya ardhi ilikuwa mara 4. Tofauti hiyo haielezwi kwa bahati wala kwa afya ya mtu. Inaelezwa kwa mahali alipo na kwa maji yasiyokuwapo.

Vumbi la vitu mseto lina tabia zake. Nyuzi za kioo huwasha ngozi, macho na koo. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, nalo likiingia katika mashine za umeme huziunguza. Unga wa rezini huwadhuru baadhi ya watu kwa kuwaletea pumu. Maji hayafai kwa kila kazi ya namna hii, kwani nyuzi za aramidi huyanywa. Kwa hiyo viwanda huweka mfereji wa kunyonya hewa karibu kabisa na ncha ya keekee, ili vumbi likamatwe kabla ya kuruka.

Kimoja kati ya vitu mseto kinastahili onyo la pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Hatschek wa Austria alibuni mabati yaliyotengenezwa kwa saruji na nyuzi za asbesto, na mabati hayo yaliezekwa katika shule na nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Yakikaa bila ya kuguswa hatari yake ni ndogo. Yakitobolewa, yakikatwa kwa msumeno au yakivunjwa, hutoa nyuzi nyembamba ambazo hukaa mapafuni na kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Fundi atakayetoboa bati la namna hiyo ili apitishe waya wa umeme hataona dhara lolote siku ile wala mwaka ule, na kwa hiyo hataliamini onyo mpaka aelezwe sababu yake.

HAJA YA MANENO

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amfahamishe mfanyakazi hatari ya kazi yake. Kufahamisha hufanywa kwa maneno, na hapa lugha ina deni. Kiswahili kina neno moja, vumbi, kwa lile linaloonekana likitanda barabarani na kwa lile lisiloonekana linalobaki hewani saa nyingi baada ya mashine kunyamaza. Mchimbaji aonaye kwamba vumbi limetua hudhani hewa imetakata, akavua kitambaa alichojifunga puani. Ukweli ni kwamba lililotua ni lile zito, ambalo pua ingelizuia. Lililobaki ndilo linalopita katika kitambaa na kufika mapafuni.

Pengine yafaa kusema vumbi zito na vumbi la mapafu, ili jina lenyewe liwe onyo. Vivyo hivyo kubanduka, mche wa mwamba, kitu mseto na kifungaji ni maneno ambayo mtu asiyesoma shule ya ufundi aweza kuyafahamu mara ya kwanza ayasikiapo. Maneno keekee, kupekecha, kukereza na msasa yanaonyesha kwamba lugha hii haikuwahi kuwa maskini katika kazi za mikono. Yalikuja kwa kuwa palikuwa na mafundi waliofundishana kazi kwa kuitaja.

Kwa yule aliyeshika mashine katika machimbo ya Geita au ya Kahama, mafunzo yote haya yaweza kufupishwa. Biti iwe kali, maana butu husukuma na kusaga unga mwembamba zaidi. Mkono usilazimishe. Kitu cha nyuzi kiegemezwe nyuma. Bati la asbesto lisitobolewe kabisa. Na mwamba utobolewe kwa maji, hata kama maji yamebebwa kwa ndoo kutoka mbali na kazi imechelewa, kwa sababu saa zilizopotea kwa kuyatafuta hulipika, na pafu lililojaa silika halilipiki.